Jesca na Fomu ya Mifupa

Saa mbili usiku Jesca alikuwa hajarudi, na simu yake ilikuwa haipatikani. Saa tatu nikapiga tena. Saa nne nikapiga, na yule dada wa kwenye simu akanijibu kwa adabu ileile kwamba namba ninayopiga haipatikani kwa sasa. Nikamwambia, "Nimekusikia, mama."

Mume wangu Lukasi alikuwa kitandani, anajifanya amelala.

"Mama Jesca," akasema kutoka gizani, "huyo dada wa simu naye ana watoto. Mwache akalale."

Sikucheka. Mchana Jesca alikuwa amenipigia kutoka hospitali anakofanya kazi, akasema maneno machache kwa haraka. Karatasi ya majibu ya mgonjwa mmoja imetoka na kosa. Mtu ameipiga picha, imesambaa kwenye simu za watu. Mganga Mfawidhi, yaani mkubwa wa hospitali, ameitisha kikao kesho asubuhi. "Fomu yangu inaweza kufutwa, mama. Na mkataba wangu unakwisha mwezi huu, unajua. Usinisubiri kula."

Kumwambia mama asikusubiri ni kumwambia akae macho. Nikafunika wali na samaki, nikavuta kiti hadi dirishani. Hapa Shangani, Mtwara mjini, jioni watu hupita wakienda kupunga upepo, lakini saa ile walikuwa wamesharudi wote. Ilibaki barabara tupu, na taa moja inayowaka na kuzimika kama inayokonyeza.

Niseme huyu Jesca ni nani, maana siku ile watu wengi walimjua kwa karatasi moja tu.

Ni mtoto wetu wa pili. Lukasi alitoka Mbinga akaja kufanya kazi bandarini, nami nikamfuata na darasa la saba langu na mtoto mmoja mgongoni. Jesca akazaliwa hapahapa Mtwara. Alipokuwa na miaka saba alianguka kutoka kwenye mkorosho wa jirani, mkono ukavimba, tukampeleka kupigwa picha. Daktari akainua ile filamu kwenye mwanga, akatuambia mfupa umepinda tu, haukukatika. Jesca akakatisha kilio.

"Hiyo si mifupa yangu," akasema. "Mimi nina mkono mdogo."

Daktari wa watu akalazimika kuuweka mkono wa mtoto juu ya filamu, kidole juu ya kidole, mpaka akakubali. Tulipotoka pale Lukasi akasema mtoto huyu atakuwa polisi. Amekuwa mtaalamu wa mionzi. Ndiye anayekulaza kwenye kitanda cha eksrei, anakunyoosha unapoumwa, anakuambia usitikisike, kisha anakimbilia nyuma ya ukuta na kubonyeza.

Ana miaka ishirini na minane. Ni mfupi, mnene kidogo, na kicheko chake unakisikia getini. Wagonjwa wakiogopa mashine huwaambia, "Bibi, mashine haing'ati. Ninayeng'ata ni mimi, na leo nimeshakula." Halafu huwavua vitu walivyovaa, kwa sababu vitu vigumu hutokea kwenye picha: mikufu, vibanio, hirizi, funguo. Hapo ndipo kazi ilipo. Akina mama wa huku wengi wana shanga za kiunoni, na bibi mwenye heshima zake hazivui shanga zake kwa kuambiwa na binti wa juzi.

Bibi mmoja wa Mikindani aliteleza uani kwake, akaja analalamika nyonga. Jesca alimbembeleza, akamletea kanga, akatoka nje ampe nafasi. Bibi akakataa katakata. Basi akapigwa picha na shanga zake.

Hospitali yao haina daktari wa kusoma picha. Jesca huzituma kwa kompyuta kwa Daktari Joshua aliye Dodoma. Yeye huzisoma, huandika majibu na kuyarudisha, na majibu hayo ndiyo anayoyatumia Daktari Mikaeli, daktari wa mifupa wa pale, kuamua afanye nini. Daktari Joshua ni msomi hasa, lakini zamani zile majibu yake yalikuwa kama barua ya mjomba aliye mbali. Yanaanza kwa salamu ndefu, yanazunguka huku na huku, habari yenyewe unaikuta mwishoni au huikuti. Kwa picha za bibi yule aliandika nusu ukurasa kuhusu shanga: zimepangwa mistari minne, zinaonekana ni za kioo, zimefunika sehemu fulani ya picha, si jambo analoliona mara nyingi. Kuhusu mfupa akasema mengineyo yanaridhisha.

Daktari Mikaeli alitoka na ile karatasi mpaka mlangoni kwa Jesca. "Nimeuliza nyonga, nimejibiwa shanga!"

Watu wakacheka, lakini bibi alikaa siku nne kabla picha haijasomwa upya. Kumbe shingo ya mfupa wa paja ilikuwa na ufa. Alitibiwa akapona, leo anatembea na fimbo na shanga zake. Jesca ndiye ambaye hakupona upesi. Jioni ile alikula bila kusema neno, na mimi mtoto wangu akinyamaza mwili huniwasha.

"Wewe umekosa nini?" nikamwuliza. "Si yule wa Dodoma ndiye hakutazama?"

"Alitazama, mama. Hakuandika. Au hakutazama. Ndiyo tatizo lenyewe, hatujui."

Nikamwambia habari za ghalani. Nimefanya misimu kumi na sita kwenye ghala la chama cha msingi cha ushirika, nikipima ubora wa korosho. Gunia linachomwa kwa chuma chenye ncha, sampuli inatolewa, korosho zinakatwa moja moja, unazigawa: nzuri, zenye madoa, changa, zilizooza. Kila kundi lina mstari wake kwenye karatasi, na mistari haibadilishi mahali, awe mkulima wa Newala au wa Nanyamba. Na kama hakuna hata moja iliyooza, unaandika sifuri. Huruhusiwi kuacha.

"Kwa nini usiache, kama hakuna?" Jesca akauliza.

"Kwa sababu nafasi tupu si sifuri. Sifuri ni kwamba nimetazama, sikuona. Nafasi tupu ni kwamba hakuna aliyetazama."

Tonge lake likasimama hewani. "Rudia, mama."

Nikarudia. Akainuka na mikono yake michafu akatafuta kalamu.

Kwa miezi miwili baada ya hapo meza yetu ilijaa mifupa ya kuchorwa. Yeye na Daktari Mikaeli walitengeneza fomu. Goti lina yake, bega lina yake, nyonga ina yake, mkono una yake. Kila sehemu ya kiungo ina mstari wake, na kila fomu ya goti inaanzia mahali palepale na kuishia palepale. Juu ni Kiingereza, kwa madaktari, huko sikugusa. Chini Jesca aliweka kipande cha Kiswahili ambacho mgonjwa anaondoka nacho, ajue mwenyewe kimeonekana nini mwilini mwake. Daktari Joshua akakubali kuitumia, huku ananung'unika. Daktari Mikaeli yeye alifurahi kama mtu aliyepangiwa vyombo vya jikoni. Alisema sasa jicho lake linajua pa kwenda, na mgonjwa akirudi baada ya miezi mitatu anaweka karatasi mbili ubavu kwa ubavu, mstari kwa mstari, anaona kilichobadilika.

Kisha yule wa Dodoma akapiga simu. "Ninasoma picha sitini kwa siku," akasema. "Mkono mmoja una mistari ishirini na kitu. Kuandika 'kawaida' mara ishirini nitamaliza lini?" Akaomba neno kawaida liwekwe tayari kwenye mistari yote, yeye abadilishe tu palipo na tatizo. Jesca akakubali. Jioni akanionyesha kwenye simu, amefurahi kwamba sasa majibu yanarudi ndani ya saa moja.

Nikatazama. "Mbona mmeshajaza, na picha haijaonekana?"

"Ni kurahisisha, mama."

"Ghalani kulikuwa na karani aliyejaza karatasi kabla ya korosho kukatwa. Hatukuwa naye msimu wa pili."

"Mama, hii si korosho."

"Afadhali korosho," Lukasi akasema, "yenyewe ina ganda."

Wakacheka wote wawili, nami nikanyamaza. Nilijiuliza, mimi wa darasa la saba nitaifundisha hospitali kazi? Kunyamaza kule kumenisumbua zaidi ya maneno mengi niliyowahi kusema.

Sasa nimfikishe Mzee Thabiti. Ni mvuvi wa Msimbati, upande wa Mnazi Bay, amepita miaka sitini. Mkono wake wa kulia una vidole vitatu. Cha pete na cha mwisho vilikwenda na baruti ya kuvulia samaki ujanani, enzi anazozijutia, na hafichi. Ukimwuliza husema samaki nao walitaka chao. Alfajiri ya siku ile ya karatasi aliteleza kwenye mwamba akauangukia mkono huohuo. Jesca akampiga picha, akaituma, majibu yakarudi upesi. Kwenye mstari wa kifupa kimoja kidogo cha kifundo cha mkono, kilicho chini ya gumba, Daktari Joshua alikuwa amefuta kawaida na kuandika: ufa mdogo. Daktari Mikaeli anasema kifupa hicho ni mjanja, kinajificha, na kisiposhughulikiwa hukosa damu na kufa, mtu akabaki na mkono wa maumivu maisha yake yote. Mzee akafungwa plasta ngumu, ile tunayoiita hogo. Hapo kila kitu kilikuwa sawa.

Lakini mistari ya vidole ilibaki na maneno yaliyokuwamo. Mzee Thabiti akaketi kwenye benchi la kungojea, akavaa miwani, akaanza kusoma kipande chake cha Kiswahili kwa sauti, kwa sababu jirani yake hakujua kusoma na alitaka kusikia.

"Kidole gumba, kawaida. Kidole cha shahada, kawaida. Cha kati, kawaida. Cha pete..." Akanyamaza. Akaugeuza mkono, akautazama mbele na nyuma. "Jamani! Cha pete kawaida! Na cha mwisho kawaida! Basi viko wapi? Nirudishiwe niende zangu!"

Benchi zima likavunjika mbavu. Mtu akaiweka karatasi kando ya ule mkono, akapiga picha. Saa saba mchana ilinifikia mimi, kwenye kundi la kwaya yetu, na maneno chini yake: Njooni Mtwara, vidole vinaota. Nilicheka, Mungu anisamehe. Nilicheka mpaka nikaiangalia karatasi vizuri, nikaitambua ile mistari.

Ndivyo nilivyofika kwenye kiti cha dirishani.

Saa kumi na nusu alfajiri gari la Daktari Mikaeli likasimama nje, Jesca akashuka. Macho yalikuwa mekundu.

"Hujalala, mama."

"Nimelala."

"Na kanga ya jana?"

Nikamfunulia wali. Akala ukiwa wa baridi, amesimama, na kunieleza huku anatafuna. Yeye na Daktari Mikaeli walikuwa wamezifungua karatasi zote zilizotoka tangu neno kawaida liwekwe tayari. Zilikuwa sitini na mbili. Picha moja baada ya nyingine, na Daktari Joshua kwenye simu huko Dodoma, naye macho, anasoma upya. Simu ya Jesca iliisha chaji mapema, hakuna aliyekumbuka. Walipata makosa mengine mawili. Mama mmoja ana chuma cha zamani kwenye paja na karatasi ilisema hana. La pili ndilo lililomtoa machozi: mwalimu mmoja wa Madimba, aliumia bega. Mstari ulisema kawaida. Waliporudia kutazama kulikuwa na ufa.

"Yuko hai, mama, na wiki mbili si nyingi, Daktari Mikaeli anasema tunawahi. Nitampigia mwenyewe saa moja. Lakini hakutazamwa. Neno lilikuwa limeshakaa pale. Jicho likikuta neno, linapita."

"Na wakubwa utawaambia?"

"Nitawaambia leo."

"Watakuondoa."

"Huenda." Akachukua mfupa wa samaki, akaunyonya. "Ulinionya, mama. Kuhusu yule karani."

Nilikuwa nimeyapanga maneno ya kumwambia tangu saa nne. "Kula na mkia," nikasema.

Akanionyesha walichokiandika usiku ule. Mistari yote ilikuwa mitupu tena. Kila mmoja una majibu manne ya kuchagua: kawaida, si kawaida, haionekani vizuri, haipo. Mmoja ukibaki mtupu kompyuta inakataa kutuma. Na kabla ya yote kuna swali jipya ambalo halijibiwi Dodoma, linajibiwa na Jesca akiwa na mgonjwa mbele yake: kuna kitu kilichowahi kukatwa, kuwekwa au kubadilishwa mwilini?

"Daktari Joshua hauoni mkono wa mtu," akasema. "Anaona picha yake. Mimi nilimshika Mzee Thabiti mkono huu, nikamnyoosha vile vidole vitatu kimoja kimoja, na sikuandika kitu. Nilidhani kuona kwangu kunatosha."

Lukasi akatokea chumbani na shuka begani. "Kwa kuwa nyumba nzima iko kazini, nani anapika chai?"

Asubuhi Jesca alipojitayarisha kutoka nikachukua mkoba wangu. Akanitazama.

"Mama unakwenda wapi?"

"Hospitali. Goti linaniuma."

"Goti lipi?"

"Nitachagua njiani."

Alicheka, kicheko cha kwanza tangu jana, na akaniruhusu nimfuate kwa sharti nikae kwenye benchi kama watu wengine.

Kikao kilikuwa kifanyike ndani ya chumba cha picha, kwa sababu ndiko iliko kompyuta yenye karatasi zote. Kwa hiyo mlango ulikuwa umefungwa, umebandikwa karatasi ya kuomba radhi, na wagonjwa walikuwa wamejaa benchi tangu saa mbili. Mzee Thabiti alikuwepo, ameitwa, hogo lake jeupe limelala juu ya paja kama mtoto.

"Mzee," mwanamke mmoja aliyekuwa amenyoosha goti lake akamwita, "vile viwili vimeshaota?"

"Vinachomoza, Halima. Nimeambiwa nivimwagilie asubuhi na jioni."

"Umwagilie vyote, usipendelee cha pete!"

Nikamsogelea. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Na wewe mifupa?"

"Mimi ni mama yake yule binti wa mashine."

Akaacha kucheka. Akanitazama vizuri, kisha akanisogezea nafasi. "Mimi sikumshtaki mtu," akasema. "Nilicheka tu. Kama mtu amekosea vidole vyangu na wewe hucheki, una ugonjwa. Lakini ufa waliupata. Ndugu yangu alianguka vilevile miaka sita nyuma, akaandikiwa barua nzuri sana isiyotaja ufa, na leo hawezi kukunja nyavu."

"Utayasema hayo ndani?"

"Nikiulizwa nitasema. Nisipoulizwa nitasema kwa sauti kubwa zaidi."

Nilitulia kidogo. Kisha nikamwona mtu mwingine, mwisho wa benchi. Mwanamume wa makamo, amenyoa vizuri, hakuwa ameumia popote. Kwenye mapaja yake kulikuwa na koti jeupe, limekunjwa. Nikainuka nikaenda kuketi karibu naye.

"Wewe ni daktari, baba?"

"Mtaalamu wa mionzi, mama. Nilistaafu mwaka jana. Nimeambiwa nije nisubiri, kama atahitajika mtu wa kushika chumba hiki." Alisema kwa upole, hakujua anamwambia nani. "Wagonjwa hawawezi kukaa bila picha."

Saa tatu akaja Mganga Mfawidhi, Daktari Beatrice, mrefu, kalamu tatu mfukoni, hatabasamu ovyo. Nyuma yake Daktari Mikaeli na Jesca. Jesca hakunitazama. Daktari Beatrice akasimama mbele ya Mzee Thabiti akamwinamia. "Mzee wangu, tunakuomba radhi. Karibu ndani, tutaiandika upya mbele yako." Wakaingia wanne, mlango ukafungwa, kitasa kikalia.

Nikarudi kwenye nafasi iliyo karibu na mlango. Siegemei milango ya watu, lakini ukuta ule ulikuwa na baridi nzuri na mgongo wangu ulihitaji. Maneno hayakusikika mengi. Nilisikia Daktari Mikaeli akihesabu, karatasi sitini na mbili, makosa matatu. Nikasikia jina la Madimba. Kisha sauti ya Daktari Beatrice ikapanda.

"Nani alikubali neno hili liwekwe kabla ya picha kutazamwa?"

Sauti ya mwanamume ikaanza, ya kukwaruza, ya kwenye simu: "Daktari, mimi ndiye niliyeomba..." Na Jesca akamkata, mtoto wangu ambaye nimemfundisha asikatize wakubwa.

"Aliomba, daktari. Aliyekubali ni mimi. Fomu ni yangu."

Nikafumba macho.

"Mama," Halima akaniambia, "usiegemee hapo, mionzi itakupiga ini."

"Sasa hivi hawapigi picha."

"Wewe umejuaje?"

Ndani walikuwa wanasema chinichini. Halafu nikamsikia Mzee Thabiti, na huyo alisikika mpaka dirisha la dawa: habari za ndugu yake, za nyavu, za barua nzuri. Alipomaliza mtu akacheka, sikujua ni nani. Kicheko cha wakubwa hakina habari ndani yake. Wanaweza kucheka nawe na kukuandikia barua ya kuondoka kwa kalamu hiyohiyo. Kisha nikasikia kompyuta inabonyezwa. Benchi likaanza kulalamika. Mtu mmoja akasema kama leo hakuna picha waambiwe, warudi makwao mapema.

Simu ya yule mwanamume wa koti ikatetemeka. Akaisoma. Akaikunjua miwani, akaisoma tena, akainuka.

"Vipi?" nikauliza.

"Daktari Beatrice ananiita mlangoni."

Akalikunjua koti. Akaliweka begani, hakulivaa, akapita mbele yangu. Nilitaka kumshika shati. Nilihesabu hatua zake, zilikuwa tano. Akainua mkono agonge, na kabla hajagonga kitasa kikazunguka kutoka ndani.

Alikuwa Jesca. Amevaa aproni nzito ya risasi, ile ya kuzuia mionzi, mpaka magotini, kalamu sikioni, uso umelowa kama mtu aliyetoka kunawa. Akamwona yule bwana na koti lake, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, baba. Daktari Beatrice anakushukuru kwa kuja. Anasema uingie unywe chai ofisini kwake, hutahitajika leo."

"Marahaba," yule bwana akasema, na akalikunja koti lake upya taratibu, wala hakuonekana kusikitika.

Jesca akageukia benchi. Macho yake yakanipitia kama anavyompitia mgonjwa yeyote, yakarudi, yakakaa kwangu kidogo tu. Mkononi alikuwa na karatasi mpya, mistari yake mitupu kutoka juu hadi chini.

"Nani anafuata?"

Halima alikuwa ameshasimama kwa mguu mmoja.

"Dada, kuna kitu kilichowahi kukatwa, kuwekwa au kubadilishwa mwilini mwako?"

"Maswali hata mlangoni sijafika?"

"Basi njoo nikuulize ndani," Jesca akasema, akauegemea mlango kwa bega ili ubaki wazi.